Nimeanza unga wa nyuzinyuzi ili nipungue, lakini mzani umepanda. Nakosea wapi?

Tausi_41 ameuliza:

Habari za jioni wadau. Naomba msaada kwa aliyepitia hili, maana nimechoka kubahatisha.

Nina miaka 41, kilo 86, urefu sentimita 162. Wiki mbili zilizopita nilinunua kopo la unga wa prebiotiki baada ya kuona tangazo. Linasema unga unalisha bakteria wazuri wa tumboni, bakteria wanaamsha homoni ya shibe, na mafuta ya kiunoni yanayeyuka hata usipobadili unachokula. Wameuita kabisa "semaglutaidi ya asili", kwa jina la ile dawa ya sindano ya kupunguza uzito. Nikaanza na vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kila asubuhi, kama kopo linavyoelekeza, kwenye glasi moja ya maji kabla ya kifungua kinywa.

Siku ya pili, kuanzia saa tano asubuhi, tumbo likawa limevimba kama ngoma. Nilikuwa kikaoni, linanguruma mpaka aliyekaa pembeni yangu akageuka kuniangalia. Usiku likanisokota hadi nikalala nimejikunja. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu kwamba gesi ni sumu inayotoka na nivumilie. Nimevumilia. Leo ni siku ya 15, nimepanda kwenye mzani: 87.1. Nimelia, sitawaficha.

Kitu kimoja kimenifurahisha: choo. Zamani napitisha siku tatu bila kwenda, sasa naenda kila siku bila kujikamua.

Je, gesi ni dalili kwamba unafanya kazi? Kilo hii moja imetoka wapi? Na je, niendelee au niache?

Dada Mkubwa amejibu:

Pole sana mdogo wangu Tausi. Futa machozi kwanza, kwa sababu hiyo kilo karibu hakika si mafuta.

Piga hesabu nami. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kilokalori 7,700. Nyuzinyuzi zinazochachuka tumboni hutupa takribani kilokalori 2 kwa gramu, nusu ya wanga wa kawaida. Hata kama ulimeza gramu 15 kwa siku, hizo ni kilokalori 30. Kwa siku 15 hazifiki 500. Ulichokiona kwenye mzani ni maji na mzigo wa utumbo: nyuzinyuzi huvuta maji, bakteria wakila huongezeka, na vyote hivyo vina uzito. Mzani haujui kutofautisha. Mimi mwenyewe ndani ya wiki moja hupanda na kushuka kilo nzima bila kubadili chochote, ndiyo maana siku hizi najipima kila asubuhi na kutazama wastani wa siku saba tu.

Kuhusu gesi, huyo muuzaji amekudanganya na inaniuma kusikia mtu analala amejikunja kwa maneno kama hayo. Hakuna sumu inayotoka. Unga wa namna hii mara nyingi ni inulini, nyuzinyuzi ambayo haimeng'enywi kwenye utumbo mwembamba. Inafika nzima kwenye utumbo mpana, na huko bakteria wanaichachusha kama unga uliotiwa hamira. Uchachukaji hutoa haidrojeni na kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Ukiwapa bakteria shehena kubwa kwa mara moja, gesi inazidi uwezo wa utumbo kuitoa. Kwa hiyo gesi inathibitisha kwamba unga umefika na umeliwa. Haisemi lolote kuhusu mafuta ya kiunoni.

Mimi nimetumia unga wa inulini miezi minane na nina daftari. Nina miaka 56, nilianza na kilo 92.4, leo niko 88.9. Mara ya kwanza nilikosea kama wewe, nikaacha siku ya nne. Mara ya pili nikachukua mzani wa jikoni, nikapima kijiko changu cha chai. Kilichosawazishwa kwa kisu kilibeba gramu 3. Kilichojaa kilifika karibu 5. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba "vijiko vitatu" vinaweza kuwa gramu 9 au gramu 15, na kwa tumbo lisilozoea tofauti hiyo ni usiku wa usingizi au usiku wa kusokotwa. Nikaanza na nusu kijiko kilichosawazishwa, wiki nzima. Tumbo likinguruma sana, nabaki pale pale wiki nyingine. Nilifika gramu 9 wiki ya tisa, nikizigawa asubuhi na jioni.

Sasa sikiliza sehemu iliyonifungua macho. Tatizo langu kubwa lilikuwa saa kumi jioni: biskuti. Kila siku niliyokula biskuti nilitia alama ya msalaba daftarini. Wiki ya kwanza kulikuwa na misalaba sita. Wiki ya kumi, miwili. Nikafurahi, nikawaambia watu ni unga. Lakini katika wiki hizohizo nilikuwa nimeanza kula maharage au dengu kila mchana, kwa sababu nilipokuwa nasoma kuhusu nyuzinyuzi niligundua chakula changu cha mchana kilikuwa hakina kitu. Basi wiki ya 14 nikaamua kujijaribu. Nikaacha unga wiki nne, maharage nikaendelea nayo. Misalaba: miwili, mitatu, miwili, miwili. Uzito haukurudi. Nilikaa mezani nikazitazama zile kurasa mbili kwa muda mrefu.

Nimerudi kwenye unga, gramu 5 tu, kwa ajili ya choo, na kwa hilo hauna mjadala. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2015 ilikubali kwamba gramu 12 za inulini ya chikori, mmea ambao mizizi yake hutoa inulini, kwa siku huongeza mara za kwenda choo. Uliyoyaona wewe ni hayo. Ila kupungua, nauweka kwenye nafasi ya msaidizi mdogo.

Na ile "semaglutaidi ya asili"? Kuna chembe ya ukweli iliyovutwa mpaka ikakatika. Bakteria wakichachusha nyuzinyuzi hutoa asidi fupi za mafuta: asiteti, propioneti na butireti. Hizo huamsha seli za utumbo zitoe homoni za shibe, GLP-1 na PYY. Mpaka hapo sawa. Lakini GLP-1 inayotoka mwilini mwako huvunjwavunjwa ndani ya dakika chache, wakati semaglutaidi imeundwa ikae mwilini, ndiyo maana watu huchomwa sindano mara moja tu kwa wiki. Katika jaribio kubwa lililochapishwa 2021, waliochoma miligramu 2.4 kwa wiki walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Linganisha na jaribio la Calgary, Kanada, la 2009: watu wenye uzito uliozidi walikula gramu 21 za oligofruktosi, nyuzinyuzi ya jamii ya inulini, kwa siku kwa wiki 12, wakapungua wastani wa kilo 1.03, huku wenzao waliopewa unga wa kulinganishia wakiongezeka kilo 0.45. Ni tofauti ya kweli na mimi naiheshimu. Lakini ni kilo moja na nusu, kwa gramu 21 kila siku. Anayekuambia hivi vitu viwili ni ndugu anataka kopo litoke.

Naomba usome nyuma ya kopo utuandikie viungo vyote. "Prebiotiki" ni neno pana mno.

Hodari77 amejibu:

Dada Mkubwa nakuheshimu lakini umekatisha watu tamaa. Mimi nimepungua kilo 9 kwa miezi mitano kwa siliamu, kijiko kimoja kikubwa kabla ya chakula cha mchana na cha usiku. Sikuwahi kushiba hivi maishani. Tausi usiache, badilisha aina tu.

Dada Mkubwa amejibu:

Hongera kaka Hodari, na nasema kwa moyo wote. Kilo 9 ni kazi. Nikuulize bila ubaya: katika hiyo miezi mitano, nini kingine kilibadilika? Jioni ulikuwa unakula nini kabla, na sasa unakula nini?

Na ni vizuri umetaja siliamu, maana ni mnyama mwingine kabisa. Tausi, fanya jaribio hili jikoni, litakuonyesha zaidi ya maelezo yangu. Chukua glasi mbili za maji. Moja tia kijiko cha inulini, nyingine kijiko cha siliamu, yale maganda ya mbegu yaliyosagwa. Koroga, acha dakika kumi. Ya inulini utaikuta maji, labda yenye ukungu kidogo na utamu kwa mbali. Ya siliamu utakuta jeli inayotetemeka. Ukiinamisha glasi inateremka polepole kipande kimoja. Jeli hiyo ndiyo inayojaa tumboni na kuchelewesha chakula kutoka, na bakteria huichachusha kidogo sana, kwa hiyo gesi yake ni chache. Inulini haijazi tumbo; kazi yake iko chini, kwa bakteria. Watu wanaziita zote prebiotiki, kumbe siliamu kwa maana kali ya neno haifiki hapo. Neno lenyewe lilipotungwa mwaka 1995 na Gibson na Roberfroid lilikusudia chakula kisichomeng'enywa ambacho bakteria fulani wenye faida hukitumia kwa kuchagua. Jeli ni jambo jingine.

Mwenye njaa kabla ya chakula asaidiwe na jeli. Mwenye choo kigumu, zote mbili zinafaa.

Hodari77 amejibu:

Umeniuliza swali zuri nikabaki natafakari. Niliacha soda. Nilikuwa nakunywa mbili kwa siku. Na chakula cha usiku nilikuwa narudia sahani, sasa sirudii kwa sababu nikishakunywa ile jeli sina nafasi. Kwa hiyo siliamu imenisaidia kwenye sahani ya pili, lakini soda niliacha mwenyewe. Sikuwahi kuzitenganisha hivyo.

Dada Mkubwa amejibu:

Kaka, umesema jambo ambalo matangazo hayasemi. Jeli ilikuondolea sahani ya pili, na sahani ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito. Mtu akinywa jeli ileile halafu akarudia sahani, hakuna kitakachotokea.

Mfamasia Mstaafu amejibu:

Nimesoma mjadala kimya kimya, ila kuna mambo mawili siwezi kuyaacha yapite.

La kwanza ni maji. Siliamu, na hasa glukomanani inayotokana na kiazi cha konjaki, huvimba kwa kasi. EFSA ilikubali kwamba gramu 3 za glukomanani kwa siku, zikigawanywa mara tatu kabla ya mlo na kila moja ikinywewa na glasi moja au mbili za maji, huchangia kupungua uzito, tena kwa mtu aliyepunguza chakula. Maji hayo ni sehemu ya dozi. Vidonge vya glukomanani vimewahi kukwama kooni na kuvimba hukohuko, watu wakapelekwa hospitali. Usimeze unga mkavu. Usimeze ukiwa unakwenda kulala. Na mwenye shida ya kumeza, au aliyewahi kuziba utumbo, asiguse kabisa bila kuonana na daktari.

La pili ni dawa. Tausi, hujasema kama kuna dawa unayotumia. Nyuzinyuzi zinazoganda hushika dawa tumboni na kupunguza kiasi kinachoingia kwenye damu. Kwa dawa nyingi tunashauri pengo la saa mbili hivi. Kwa dawa za kisukari kuna upande mwingine pia: ukipunguza kasi ya sukari kuingia na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka mno. Unatumia dawa yoyote, mwanangu?

Tausi_41 amejibu:

Asanteni nyote, nimesoma kila neno. Nimegeuza kopo. Viungo kwa mpangilio: inulini ya chikori, unga wa maganda ya siliamu, ladha ya limau, kitamu. Kwa hiyo ni mchanganyiko. Nimefanya jaribio la glasi: baada ya dakika kumi juu maji, chini jeli kama kamasi.

Baba mfamasia, natumia levothairoksini, dawa ya tezi ya thairoidi, maikrogramu 75, mwaka wa tatu sasa. Naimeza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Unga nilikuwa nakunywa palepale, na maji yaleyale ya dawa, ili nisisahau.

Mfamasia Mstaafu amejibu:

Mwanangu, hilo ni muhimu kuliko kilo zote zilizotajwa humu. Levothairoksini inataka tumbo tupu na maji peke yake, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, na nyuzinyuzi zimo kwenye orodha ya vitu vinavyopunguza kuingia kwake mwilini. Umekuwa ukiimeza ndani ya jeli kwa siku 15.

Usiogope. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, wiki mbili hazikuharibii, na wala sidhani kwamba kilo yako imetokana na hilo. Dada Mkubwa amekupigia hesabu vizuri. Lakini ungeendelea miezi mitatu, minne, ungeanza kuchoka, kusikia baridi, choo kingekuwa kigumu tena na uzito ungepanda kweli, na wewe ungeongeza unga ukidhani bado hautoshi. Kuanzia kesho dawa asubuhi kwa maji matupu, unga jioni, angalau saa nne zikiwa zimepita. Mweleze daktari wako. Anaweza kutaka kupima TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi ya tezi inatosha; kipimo hicho huchukua wiki sita hadi nane kutulia baada ya mabadiliko, kwa hiyo atakupangia muda. Usibadili dozi mwenyewe.

Dada Mkubwa amejibu:

Nimesoma jibu la baba nikashusha pumzi. Mimi nisingeuliza kuhusu dawa, na nilipaswa kuuliza kabla ya kumwambia mtu chochote kuhusu vijiko.

Tausi, nikiwa mahali pako ningefanya hivi. Acha unga siku tatu nne, tumbo litulie. Kisha rudi na nusu kijiko kilichosawazishwa, jioni, kwenye glasi kubwa iliyojaa, na glasi nyingine ya maji baada yake. Wiki nzima hapohapo. Ukifika kijiko kimoja na nusu na choo kiko sawa, simama. Huna haja ya kufukuza namba ya kwenye kopo. Na kama hata nusu kijiko kinakusokota vilevile, basi huenda utumbo wako ni mwepesi wa kuudhika. Inulini imo kwenye kundi la vyakula ambavyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wanawaelekeza wenye utumbo wa aina hiyo wavipunguze. Hapo uiache, wala usijilaumu.

Kazi ya kupungua ipeleke kwenye sahani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri watu wazima wapate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na likasema zile zilizomo kwenye chakula chenyewe. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kinabeba kama gramu 15, na ndani yake kuna protini pia, na kinachukua muda kutafuna. Inulini yenyewe imo kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Kuna utafiti wa 2015 ulionigusa: watu 240 waligawanywa, nusu wakapewa kanuni 13 za mlo wenye afya, nusu wakaambiwa jambo moja tu, wafikishe gramu 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Baada ya mwaka mmoja, wale wa kanuni nyingi walipungua wastani wa kilo 2.7, na wale wa nyuzinyuzi tu kilo 2.1. Jambo moja tu, na wakakaribia. Mimi siwezi kukumbuka kanuni 13 nikiwa na njaa, lakini maharage nayakumbuka.

Na anza daftari. Tafuta ile saa yako mbaya ya siku, uitie alama.

Tausi_41 amejibu:

Nimempigia daktari leo asubuhi, ameniandikia kipimo cha TSH baada ya wiki saba na amesema nimshukuru mfamasia. Kopo nimelihamisha kutoka kwenye kabati la dawa, nimeliweka karibu na sahani za jioni, nimelifunga mpaka Jumamosi.

Saa yangu mbaya ni saa tatu usiku, watoto wakishalala. Nimechora mistari saba kwenye ukurasa wa kwanza. Leo nimekula dengu mchana. Ni saa tatu na robo sasa na mstari wa kwanza bado uko wazi.

Dada Mkubwa amejibu:

Uache wazi hivyo hivyo, ukalale. Kesho asubuhi dawa kwa maji matupu. Nitarudi hapa Jumamosi kuuliza kijiko kimepimwa vipi.